Keto ya mtoto mwenye kifafa kwa chakula cha hapa Uganda, inawezekana kweli?

mama_shamim (Mbale)

Habari zenu jameni. Naomba kuuliza wazazi wenye watoto wa kifafa, hasa mlio hapa Uganda, maana nikisoma mtandaoni naona wazungu tu na vyakula ambavyo hata sijui vinauzwa wapi.

Binti yangu anaelekea miaka minne, kilo 14. Alianza kushikwa akiwa mdogo bado ananyonya, mwanzo ilikuwa na homa tukasema ni malaria, baadaye ikawa inakuja bila homa. Ametumia valproate, wakaongeza dawa nyingine juu yake, bado. Saa hii kuna hiki cha kudondosha kichwa ndicho kinanimaliza, amekaa anakula vizuri unaona kichwa kimeanguka puu kwenye sahani, anainuka analia, bado hajafuta machozi kimeanguka tena. Paji la uso limejaa alama, majirani wanadhani nampiga.

Daktari wa ubongo wa watoto tuliyemwona Kampala amesema dawa mbili sahihi zikishindwa, ya tatu nafasi yake ya kufaulu inakuwa ndogo, kwa hiyo tufikirie lishe ya ketojeniki. Akaeleza vizuri lakini mimi nlikuwa nasikia tu mafuta mafuta mafuta. Hakuna posho (ugali), hakuna matoke, hakuna muhogo, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna uji. Sasa kwetu ukitoa hivyo kinabaki nini? Baba yake yuko kazini Karamoja anatuma hela mwisho wa mwezi, nyumbani niko mimi na mama mkwe ambaye tayari ameshasema nataka kumuua mjukuu wake kwa njaa. Na Shamim yuko baby class, saa nne wanapewa uji wa sukari wote.

Nani amefanya? Mlipika nini? Na jjajja (bibi) mlimfanyaje?

boda_mtulivu (Kireka)

Keto si ile ya kupunguza tumbo? Mtoto wa kilo 14 unampunguza nini tena banange 😳

mama_wa_wawili (Arua)

Mama Shamim pole sana dada. Inawezekana. Mwanangu wa kwanza yuko mwaka wa pili kwenye keto, uwiano wa 3:1 (mafuta gramu tatu kwa gramu moja ya protini na wanga), na tunanunua soko la hapa hapa Arua, vitu vya dukani ni mizani ya gramu na vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo, vile vile wanavyotumia watu wa sukari, basi.

@boda_mtulivu hapana kaka, ile ya TikTok ni habari nyingine. Hii ya kifafa ina zaidi ya miaka 100, ilianza 1921 Marekani huko Mayo Clinic. Watu walikuwa wanajua tangu zamani kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula mishtuko inapungua, sasa daktari mmoja anaitwa Wilder akasema badala ya kumshindisha mtu njaa tumpe mafuta mengi na wanga kidogo sana, mwili uchome mafuta utoe ketoni kama vile amefunga, na huku anakula. Mtoto hatakiwi kupungua hata kidogo, akipungua wanaongeza chakula.

Haya dada, nikwambie ya jikoni maana hayo daktari hakwambii.

Shida haiko kwenye kupata mafuta. Ovakado zimejaa mpaka zinaoza, mayai yapo, samli ipo, simsim ipo, mafuta ya kupikia yapo. Shida ni mafuta yaingie kwa mtoto YOTE. Ukimwagia mafuta juu ya yai, mtoto atakula yai lake vizuri, mafuta yatabaki yanang'aa kwenye sahani, na hayo uliyoyaosha na sabuni ndiyo yalikuwa dawa yenyewe. Mimi ovakado naiponda na uma mpaka hakuna donge hata moja, alafu natia mafuta kidogo kidogo huku nakoroga, ukienda taratibu inayameza yote, ukimwaga kwa pupa yanajitenga na hapo mtoto akiona tu anafunga mdomo. Yai nalikoroga pamoja na samli iliyoyeyuka kabla halijaenda motoni, moto mdogo, nalitoa bado laini, na kikaango nakipangusa na kile kile kipande cha ovakado nilichopima ili kisibaki kitu. Bakuli liwe dogo na lenye kina, achana na sahani. Mwisho anakwangua na kijiko cha plastiki cha kupindika, kwake imekuwa mchezo.

Mboga nampa dodo (mchicha), nakati, biringanya, kabichi, sukuma, zote zinapimwa na zinapikwa na mafuta. Samaki, mputa (sangara) ni mzuri kuliko ngege (tilapia) maana una mafuta yake. Nyinyi huko Mbale mna bahati ya makadamia, hiyo ni karibu yote mafuta, inamfaa kwa kutafuna tafuna. Njugu za kawaida watu wanadhani ni bure, sio bure, zina protini nyingi na wanga pia, gramu chache tu. Maziwa naye asikudanganye, ya ng'ombe yana sukari yake ndani hata usipoweka sukari, kikombe kimoja tu umekula bajeti ya siku.

Jjajja sasa. Wa kwetu alikuwa anaficha biskuti kwenye mshipi wa gomesi (gauni lake la kienyeji), mtoto anaenda "kumsalimia" anarudi na mdomo una unga unga. Nlipiga kelele, mume akapiga kelele, tukaleta mpaka shangazi, wapi. Kilichosaidia ni kumpa yeye kazi ya vijiti. Kila asubuhi jjajja ndiye anachukua mkojo, anachovya kijiti, anasubiri, analinganisha na rangi za kwenye chupa, zambarau iliyokoza ni nzuri, ikipauka kuna mtu amekula kitu. Wiki ya kwanza kikatoka kimepauka, akaniangalia mimi nikamwangalia yeye, sikusema neno. Siku hizi yeye ndiye askari, hata mimi nikishika kipande cha muwa karibu na mtoto nafukuzwa.

Shule nliandika barua, nikaenda mwenyewe kwa tichaa wa darasa, sio hedi peke yake maana hedi hayupo saa nne. Mtoto anabeba kikopo chake. Wanaogawana chakula ndio hatari, nimemwomba tichaa amkalishe pembeni yake wakati wa uji.

baba_imani (Busia)

Mimi nitasema upande wa pili ili usije ukalaumu watu. Sisi tulifanya miezi kama mitano tukaacha. Kijana alipungukiwa mishtuko kweli, hiyo siwezi kukataa, lakini choo kilikuwa kigumu mpaka analia, na nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa mizani, hakuna kwenda msibani, hakuna kwenda arusi, dada zake wanakula chapati wamejificha nyuma ya nyumba.

Kilichotumaliza ni malaria. Alipata homa usiku, akatapika, tukakimbilia kliniki moja ya karibu. Nikawaambia huyu ana lishe maalum musimpe kitu chenye sukari, wakaniona nimechanganyikiwa. Wakatundika dripu ya dekstrosi (maji ya sukari) bila hata kumpima, dawa ya maji ya kushusha homa tamu, ORS (maji ya chumvi na sukari) juu. Asubuhi ketoni hakuna, mchana akashikwa mfululizo. Mke wangu akasema basi, na mimi sikuwa na nguvu ya kubisha.

Sikukatishi tamaa mama Shamim. Nasema tu kabla hujaanza uliza nani utampigia saa nane ya usiku. Sisi hatukuwa na mtu.

lishe_wodini (Kampala)

Nafanya kazi ya lishe kwenye wodi ya watoto. Baba Imani pole, ulichosema ndicho kinaangusha familia nyingi na hakizungumzwi. Ntaanzia hapo.

Mama Shamim, kabla ya kuanza mwambie daktari akuandikie barua ya dharura, ukurasa mmoja, ina muhuri na namba ya simu, moja ikae nyumbani, moja kwenye begi ya mtoto, moja shule, na ipige picha iwe kwenye simu. Iseme mtoto yuko kwenye lishe ya ketojeniki kwa ajili ya kifafa, dripu iwe normal salini (maji ya chumvi) bila dekstrosi, dawa ziwe za vidonge au zisizo na sukari, na sukari ya damu ipimwe kwanza. Malaria ikiwa kali sindano ya artesunate inaweza kuchanganywa na salini, haihitaji dekstrosi. Kwinini ya dripu ndiyo kawaida huwekwa kwenye dekstrosi na yenyewe inashusha sukari, kwa hiyo hapo mpigieni daktari wenu.

LAKINI. Malaria kali kwa mtoto mdogo inashusha sukari hata kwa asiye kwenye keto. Wakipima kidoleni wakakuta imeshuka kweli, au mtoto haamki, dekstrosi inawekwa, usimzuie nesi mkono. Ketoni zitarudi, tutaanza upya. Barua ni ya kuzuia dekstrosi ya mazoea, ile ambayo kila mtoto anayetapika anatundikiwa.

Alafu kuna ketoni kupita kiasi. Mtoto anapumua haraka haraka, amelegea, amekuwa mwekundu usoni au analala tu, anatapika. Hapo tunafundisha wazazi kumpa juisi ya matunda kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, na safari ya hospitali inaanza, hamsubiri asubuhi. Pumzi kunuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha peke yake sio ugonjwa, hiyo ni ketoni tu.

Sasa mahesabu maana naona wengi mnaogopa 3:1 na 4:1. Maana yake ni gramu tatu au nne za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga ukizijumlisha. Mfano tu wa kuelewa, SIO wa kumpikia Shamim: yai moja lina mafuta kama gramu 5, protini 6 na wanga nusu gramu hivi. Ovakado gramu 60 ina mafuta 9, protini kama 1, wanga ukiondoa nyuzinyuzi kama 1. Protini na wanga jumla inakaribia 9. Kwa 3:1 tunataka mafuta 27, tunayo 14, pungufu ni 13, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni gramu 14. Basi, hapo sahani imefika. Unaona hakuna kitu cha ndege hapo. Kazi ni kwamba inafanywa kwa kila mlo, kila siku, na mtoto akiongezeka kilo tunahesabu upya.

Kwa mtoto wa kalori kama 1,000 kwa siku kwenye 4:1, mafuta ni gramu 100, protini na wanga vyote pamoja gramu 25. Protini hatuishushi maana anakua, kwa hiyo wanga unabaki gramu 8, 10. Ndizi moja mbivu inapita hapo. Ndiyo maana biskuti ya jjajja sio jambo dogo.

Krimu ya kuengua nyumbani siipendi mwanzoni, sio kwa sababu ni mbaya ila kila maziwa yana mafuta tofauti na haina lebo, siwezi kuhesabu. Samli na mafuta ya kupikia nina uhakika nayo.

Mengine ya haraka. Usianze mwenyewe nyumbani hata ukiwa na mahesabu yote, kuna watoto waliozaliwa na tatizo la mwili kushindwa kuchoma mafuta, huyo ukimpa keto unamuua, kwa hiyo anapimwa damu kwanza na historia yake inaulizwa. Zamani tulianza kwa kumfungisha mtoto, siku hizi si lazima, tunapandisha taratibu. Dawa za kifafa zinaendelea, USIACHE. Kama moja ya dawa zake ni topiramate sema, maana hiyo pamoja na keto inaongeza asidi na mawe ya figo, maji anywe ya kutosha, watoto wengine tunawapa potasiamu sitreti. Vitamini na kalsiamu atahitaji, zisizo na sukari. Dawa ya maji tamu ibadilishwe, lakini muulize mfamasia kabla ya kusaga kidonge chochote, kuna vidonge havisagwi. Choo kigumu kina dawa, baba Imani hiyo ilitakiwa ishughulikiwe mapema, mboga zenye nyuzi, maji, na ikibidi dawa.

Na tusidanganyane, sio kila mtoto anapona. Kuna utafiti wa London uliotoka 2008, watoto 145, baada ya miezi mitatu watoto 38 kwa 100 kwenye lishe mishtuko ilipungua zaidi ya nusu, na wale ambao hawakuwa kwenye lishe ni 6 kwa 100. Kwa watoto walioshindikana kwa dawa hiyo ni kubwa sana lakini ona pia kwamba wengi hawakufika nusu. Kifafa cha kudondosha kichwa ni kati ya aina zinazosikia hii lishe vizuri. Tunajaribu kama miezi mitatu, isiposaidia tunashusha taratibu na hakuna wa kulaumiwa. Ikisaidia kawaida inakaa kama miaka miwili alafu inashushwa pole pole.

boda_mtulivu (Kireka)

Nimesoma yote. Kumbe kitu kikubwa hivi. Mama Shamim Mungu akutie nguvu

mama_shamim (Mbale)

Jameni asanteni, nimesoma nikiwa nalia na nacheka, hiyo ya mshipi wa gomesi ndiyo kabisa mama mkwe wangu 😂

@lishe_wodini nina swali. Daktari alisema kuna nyingine nyepesi, ya Atkins, kwamba haihitaji kupima kila kitu. Kwa hali yangu ya kuwa peke yangu nyumbani je niombe hiyo? Na @mama_wa_wawili hela, sema ukweli, inakula kiasi gani ukilinganisha na zamani? Na Idi inakuja, nitamfungia chumbani?

lishe_wodini (Kampala)

Atkins iliyorekebishwa, ndiyo. Walianza kuitumia kwa kifafa Johns Hopkins mwaka 2003. Unahesabu wanga tu, kwa mtoto kama wako mara nyingi gramu 10 hadi 15 kwa siku, mafuta unasukuma kwa wingi, protini huipimi. Haina kulazwa kwa kawaida. Kwa mama aliye peke yake na mtoto anayeenda shule nadhani ni mahali pazuri pa kuanzia, na hata vituo vingi vya nchi zenye hela kidogo vinaipendelea. Ila kwa watoto wadogo sana ile ya 4:1 inaweza kuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo umri na kilo zake ndizo zitaamua na daktari wako ndiye amemwona. Barua ya dharura ni ile ile, vipimo vya damu ni vile vile. Nyepesi maana yake mahesabu mepesi tu.

mama_wa_wawili (Arua)

Hela: chakula chenyewe hakipandi kama unavyoogopa, maana mtoto anakula kidogo sana kwa macho, utashangaa bakuli lilivyo dogo, mafuta yanashibisha. Mayai ndiyo yanaisha, nimefuga kuku watano. Kinachouma ni vipimo vya hospitali, vijiti, na nauli ya kwenda Kampala kliniki. Ongea na baba yake mapema hiyo ya nauli iwe pembeni, isiguswe na ada.

Vijiti nakata katikati kwa urefu, kopo moja linaenda mara mbili, lakini kata na mikono mikavu na funika kopo haraka, vikipata unyevu vinasema uongo.

Idi usimfungie. Mpikie wa kwake mapema, ashibe kabisa kabla wageni hawajaja. Mimi napika nyama yenye mafuta ya binzari na kitunguu kidogo, inanukia kama pilau ya wengine, bakuli lake zuri lenye ua. Soda nampa maji yenye barafu kwenye glasi ile ile ya wenzake. Na wageni waambie mlangoni, sio mezani, kwamba mtoto hapewi kitu mkononi. Wajomba ndio wabaya na peremende.

baba_imani (Busia)

@lishe_wodini hiyo ya Atkins hatukuambiwa. Kijana sasa ana miaka saba, bado anashikwa. Mtu aliyewahi kuacha anaweza kurudi?

lishe_wodini (Kampala)

Anaweza. Kama ilimsaidia mara ya kwanza kuna sababu ya kujaribu tena, na kwa miaka saba Atkins inamfaa. Nenda na daftari la mishtuko ya mwezi mmoja kabla, andika kila siku hata siku ambayo hakushikwa, bila hilo baada ya miezi mitatu mtakuwa mnabishana tu na mama yake kama imepungua au la. Mama Shamim na wewe anza daftari leo, vichwa vinavyodondoka hesabu kwa mlo mmoja tu wa siku, ule ule kila siku, huwezi kuhesabu kutwa.

mama_wa_wawili (Arua)

Mama Shamim niandikie inbox nikutumie picha za karatasi zetu za mapishi, zina gramu zote. Za kwangu ni za mtoto wa kilo 19 na 3:1 kwa hiyo usipike hivyo hivyo, mpe mtu wa lishe azigeuze kwanza.